Watoto wa Juba Wacheze Asubuhi

Kila mwaka ifikapo Februari, mambo mawili hukutana Juba. Shule hufungua mwaka mpya wa masomo, na jua hufikia kilele cha ukali wake. Mangateen, mtaa wa upande wa kaskazini wa jiji uliopokea maelfu ya watu waliong'olewa makwao na vita, huliona jambo hili waziwazi kuliko mitaa mingi, kwa kuwa huko miti ni michache na paa nyingi ni bati au turubai. Kengele ya mwisho ikilia, watoto hukimbilia kiwanja cha vumbi. Wakati huo watu wazima wako kivulini, kwenye viti vya plastiki vya akina mama wauza chai, wakisubiri jua lipoe ndipo waendelee na shughuli zao. Waendesha boda boda wamejibanza chini ya mwarobaini. Waliobaki juani ni watoto, na wanakimbia.

Mvua zikishika Aprili, mandhari hubadilika lakini ratiba haibadiliki. Asubuhi huwa shwari, mchana mawingu hujikusanya, alasiri huanza kunguruma. Na alasiri ndicho kipindi cha michezo.

Mtoto akifa kiwanjani kwa kuzidiwa na joto au kwa kupigwa na radi, waombolezaji husema ajali haina kinga. Msemo huo huwafariji wafiwa, lakini vifo vya aina hii haviufai. Joto la Februari linajulikana mwezi wake na saa yake. Radi ya Mei inajulikana pia. Wauaji hawa wawili, mmoja wa kiangazi na mwingine wa masika, hushika zamu moja: kuanzia adhuhuri hadi magharibi. Shule nyingi zimeipa michezo zamu hiyo hiyo, kisha zinashangaa. Dawa iliyo nafuu kuliko zote ni kuihamishia michezo asubuhi, na kumteua mtu mmoja mwenye mamlaka ya kuusimamisha mchezo bila kumwomba mtu ruhusa. Dawa iliyotumika hadi sasa, ya kufunga shule, haitoshi.

Amri mbili ndani ya mwaka mmoja

Katikati ya Machi 2024, serikali ya Sudan Kusini ilitangaza kuwa shule zote nchini zingefungwa kuanzia Jumatatu, tarehe 18. Sababu ilikuwa wimbi la joto lililotarajiwa kufikia nyuzi 41 hadi 45. Tangazo lilisema kulikuwa tayari na taarifa za vifo vinavyohusiana na joto hilo, likawataka wazazi wawazuie watoto wao kucheza nje, na likaonya kwamba shule itakayokutwa wazi itafutiwa usajili.

Mwaka haukutimia. Tarehe 20 Februari 2025 shule zikafungwa tena, kwa majuma mawili. Safari hii Naibu Waziri wa Elimu, Martin Tako Moi, alitoa sababu iliyowashtua wazazi: kwa wastani, wanafunzi 12 walikuwa wakianguka kila siku mjini Juba kwa sababu ya joto. Nyuzi zilikuwa zimegonga 42. Madarasa mengi ya nchi hiyo ni mabanda ya mabati yasiyo na umeme, hivyo hakuna hata feni ya kuupunga moto uliokusanyika chini ya paa. Kama mtoto aliyeketi kwenye dawati anaweza kuanguka, je, yule anayekimbizana na mpira?

Amri zile zilikuwa na nia njema, na huenda ziliokoa maisha. Lakini zitazamwe kwa jicho la mama wa Mangateen anayeuza mboga au anayefua nguo za watu. Yeye hana likizo ya joto. Akitoka asubuhi, mtoto hubaki na dada yake mkubwa ndani ya chumba cha mabati ambacho ifikapo saa sita mchana hakikaliki. Serikali inasema mtoto asicheze nje. Akae wapi? Ndani kunaungua, na nje kuna wenzake na mpira wa matambara. Shule inapofungwa, mpira haufungwi. Kinachofungwa ni kile kidogo kilichokuwa kinga: mwalimu anayeona, pipa la maji na kengele ya kuwarudisha watoto kivulini.

Mfano wa karibu uko ng'ambo ya mpaka, Arua, kaskazini magharibi mwa Uganda. Tarehe 27 Agosti 2020 watoto 10 waliuawa na radi huko. Walikuwa wakicheza mpira, mvua ikaja, wakakimbilia kibanda. Tisa walikufa papo hapo, wa kumi akafa akipelekwa hospitali. Mwezi huo shule zote za Uganda zilikuwa zimefungwa tangu Machi kwa sababu ya korona. Kufungwa kwa shule hakukuwaondoa watoto kiwanjani. Kuliwaondoa walimu tu.

Baada ya amri ya 2025, msomi wa Chuo Kikuu cha Juba, Abraham Kuol Nyuon, alitoa pendekezo la maana: kalenda ya shule ifuate mazingira ya nchi, shule zifungwe Februari na zifunguliwe Aprili. Ni pendekezo linalostahili kusikilizwa, hasa kwa kuwa uchunguzi wa kundi la wanasayansi la World Weather Attribution kuhusu joto la Februari ile ulionyesha kuwa mabadiliko ya tabianchi yamelizidisha, na kwamba wanawake na wasichana ndio wanaoumia zaidi. Joto kama lile halitakuwa tena mgeni wa nadra. Hata hivyo, kwa upande wa michezo, kuhamia Aprili ni kumkimbia muuaji mmoja na kumkuta wa pili mlangoni.

Mwili wa mtoto juani

Joto huuaje mtu mzima wa afya, au mtoto asiye na ugonjwa wowote? Misuli inayofanya kazi ni jiko. Mchezaji anapokimbia, mwili wake huzalisha joto mara kadhaa zaidi ya lile la kukaa, na njia kuu ya kulitoa ni jasho linalokauka juu ya ngozi. Ngozi ya binadamu ina nyuzi kama 35. Hewa inapokuwa na nyuzi 30, mwili huweza kutupa joto nje. Hewa inapofika 42, mambo hugeuka: hewa ndiyo inayoutupia mwili joto. Jasho peke yake hubaki na kazi yote, na jasho linahitaji maji.

Mtoto huumia mapema zaidi. Ukilinganisha na uzito wake, ngozi yake ni kubwa kuliko ya mtu mzima, hivyo hewa ya moto humwingia kwa kasi. Tena mtoto hajijui. Kiangazi cha Juba ni kikavu, jasho hukauka kabla halijaonekana, na mchezaji wa miaka 12 hudhani hatoki jasho kabisa. Hataomba maji mpaka mwalimu ampe.

Aliye katika hatari kubwa zaidi ni yule ambaye hajazoea. Mwili huhitaji kati ya siku 10 na 14 kuzoea kufanya mazoezi katika joto, na ndiyo maana vifo vingi vya wachezaji hutokea siku za mwanzo. Marekani imelijua hili kwa uchungu. Korey Stringer, mchezaji wa timu ya mpira wa Kimarekani ya Minnesota Vikings, alizidiwa na joto siku ya pili ya kambi ya mazoezi na akafariki tarehe 1 Agosti 2001. Miaka 17 baadaye, Jordan McNair, mwanafunzi wa miaka 19 wa Chuo Kikuu cha Maryland, alianguka kwenye mazoezi ya mbio tarehe 29 Mei 2018 na kufariki majuma mawili baadaye. Wote wawili walikuwa vijana wenye miili mikubwa, katika nchi yenye magari ya wagonjwa na barafu kila kona.

Sasa turudi Mangateen. Mwaka wa masomo unaanza Februari. Watoto wametoka likizo. Juma la kwanza ndilo la kuchagua timu: mbio, mpira wa miguu, kikapu, wavu. Kila mmoja anataka kuonekana, kila mmoja anajituma kupita kiasi, na hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kuomba apumzike. Hivyo siku za hatari za mwili zimepangwa ndani ya majuma ya hatari ya mwaka, na siku yenyewe imepangiwa saa ya hatari. Je, mtu angeombwa apange ratiba kwa makusudi ili imdhuru mtoto, angeipanga tofauti?

Kuna waliobeba mzigo wa ziada. Mtoto aliyetoka kuugua malaria juzi na kukimbilia kiwanjani leo. Mtoto mwenye selimundu, na hata yule aliyerithi vinasaba hivyo kwa mzazi mmoja tu, ambaye maisha yake yote huenda yakawa ya kawaida mpaka siku atakapokimbizwa kupita kiasi bila maji. Mtoto anayefunga Ramadhani, ambayo mwaka 2024 na 2025 iliangukia Machi, katikati ya joto. Na yule ambaye hakula asubuhi kwa sababu nyumbani hapakuwa na kitu.

Muuaji wa pili

Radi haihitaji mwili uliochoka. Huua aliye tayari na asiye tayari, na katika ukanda huu imeua wanafunzi wengi.

Juni 2011 radi iliipiga Shule ya Msingi Runyanya, wilayani Kiryandongo, Uganda, na kuua wanafunzi 18. Oktoba 2018 iliua wanafunzi sita wa Shule ya Emaco Vision mjini Geita, Tanzania. Mkoa huo huo wa Geita ulilia tena Januari 2025, wanafunzi saba wa Sekondari ya Businda wilayani Bukombe walipouawa. Na tarehe 2 Novemba 2024 msiba uliwagusa Wasudani Kusini wenyewe wakiwa ugenini: katika makazi ya wakimbizi ya Palabek, wilayani Lamwo, Uganda, watu 14 waliuawa na 34 kujeruhiwa walipokuwa wamekusanyika kwa ibada ndani ya banda la bati. Karibu wote waliokufa walikuwa watoto na vijana. Polisi walisema mvua ilianza kama saa kumi na moja jioni, na radi ikapiga nusu saa baadaye.

Saa kumi na moja na nusu jioni. Ni saa ambayo katika kiwanja chochote cha shule kipindi cha pili cha mpira kinaendelea.

Mambo mawili yanajirudia katika baadhi ya misiba hii. La kwanza ni saa. Katika nchi za joto, jua hupasha ardhi tangu asubuhi, hewa yenye unyevu hupanda, mawingu makubwa huiva mchana na kupasuka alasiri. La pili ni mahali pa kujificha. Watoto wa Arua hawakufa wakicheza, walikufa wakijificha. Kibanda, banda la bati juu ya nguzo za miti, hema, mti mkubwa wa pembeni mwa kiwanja: hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachokinga radi. Bati lisilounganishwa na waya wa kuushusha umeme ardhini haliwalindi waliolikimbilia. Linalosaidia ni jengo imara lenye nyaya na mabomba yaliyozikwa ardhini, au gari lenye bodi na paa la chuma, madirisha yakiwa yamefungwa. Mangateen ina majengo machache ya namna hiyo, lakini barabara yake haikosi magari.

Radi inapoua, baadhi ya watu humtafuta mchawi. Wengine hulaumu nguo nyekundu aliyovaa marehemu. Mazungumzo hayo yana hasara moja kubwa: yanamwondoa mwalimu na ratiba kwenye kesi. Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu, na sayansi ya radi haikuongeza mengi juu ya hapo isipokuwa hesabu. Mmweko wa radi ukionekana, anza kuhesabu. Ngurumo ikifika kabla ya sekunde 30, radi iko ndani ya kilomita 10 na mchezo umekwisha. Usirudi kiwanjani mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Hesabu hiyo haihitaji kifaa wala mfadhili. Mtoto wa darasa la tatu anaiweza.

Runyanya yenyewe inaonyesha kuwa hata majengo yanaweza kurekebishwa. Baada ya msiba, shirika la ACLENet lenye makao yake Kampala, linaloshughulikia usalama wa radi barani Afrika, liliiwekea shule hiyo kinga ya radi. Watoto 18 walikwisha kufa wakati huo.

Kwa nini asubuhi

Baadhi ya wazazi watasema: kama ni hatari hivyo, michezo ifutwe. Hilo litakuwa kosa jingine. Tarehe 28 Julai 2024 timu ya kikapu ya Sudan Kusini, Bright Stars, iliifunga Puerto Rico 90 kwa 79 katika Olimpiki ya Paris, nchi ikiwa na umri wa miaka 13 tu. Mwaka uliofuata Khaman Maluach, mzaliwa wa Rumbek aliyekulia Uganda, alichaguliwa wa kumi katika uteuzi wa NBA. Kwa kaya ya Mangateen isiyo na shamba wala duka, mtoto anayejua mpira ni matumaini. Makocha na wachezaji wa timu hiyo wamewahi kuueleza ulimwengu kwamba nyumbani kwao hakuna ukumbi wa ndani wa kikapu. Maana yake ni kwamba kila mtoto wa Juba anayefuata nyayo zao anafanya mazoezi juu ya saruji inayoungua au chini ya wingu linalonguruma.

Tanzania hufanya mashindano yake ya michezo ya shule, UMISSETA na UMITASHUMTA, katikati ya mwaka, wakati sehemu kubwa ya nchi iko katika majira makavu yenye baridi kiasi. Juba haina bahati hiyo. Mwaka wake wa shule huanza na joto kali, hupita katika miezi mingi ya mvua, na mvua zinapokatika mitihani imefika. Hakuna mwezi salama wa kuhamia. Kilichopo ni saa salama, na saa hiyo ni ile inayofuata mapambazuko.

Hapo kuna jambo ambalo halijazungumzwa vya kutosha. Tarehe 1 Februari 2021 Sudan Kusini ilirudisha saa zake nyuma kwa saa moja, ikaachana na saa za Nairobi na Kampala. Tangu hapo, jua la Juba huchomoza karibu na saa kumi na mbili asubuhi badala ya saa moja, na adhuhuri ya jua huangukia karibu na saa sita kamili. Shule iliyoendelea kuanza masomo saa mbili asubuhi kwa saa ya ukutani, kwa kweli ilianza kuchelewa saa moja zaidi kwa saa ya jua. Saa mbili nzima za mwanga na hewa ya nafuu zikabaki zinapotea kabla ya kengele ya kwanza. Hata mwezi Machi, alfajiri ya Juba hushuka hadi nyuzi ishirini na kitu. Kati ya hapo na saa tatu asubuhi, mtoto anaweza kucheza nusu mbili za mpira na kuoga.

Ulimwengu wa michezo umeshakubali kuhama kwa ajili ya jua. Mashindano ya dunia ya riadha ya Doha, mwaka 2019, yalianzisha marathoni ya wanawake karibu na usiku wa manane, na bado kati ya wanariadha 68 walioanza, 28 hawakumaliza. Kombe la Dunia la Qatar mwaka 2022 lilihamishwa kutoka Juni hadi Novemba. Ikiwa FIFA yenye mabilioni iliweza kukubali kuwa jua halijadiliwi, mwalimu mkuu wa Juba anapata wapi ujasiri wa kushindana nalo?

Vikwazo vya asubuhi vipo, na havipaswi kufichwa. Kikwazo kikubwa ni wasichana. Asubuhi ndipo msichana wa Mangateen anapochota maji, anapofagia na kumwandaa mdogo wake. Ukiweka mazoezi saa kumi na mbili na nusu kabla ya shule, umewachezesha wavulana na kuwaacha dada zao bombani. Kwa hiyo michezo isiwekwe kabla ya shule, iwekwe ndani ya shule, kama kipindi cha kwanza cha siku, mara mbili kwa juma, hesabu na Kiingereza vikifuata. Kikwazo cha pili ni walimu. Watumishi wa umma wa Sudan Kusini wamepitia miezi mingi bila mishahara, na si haki kumdai mwalimu asiyelipwa afike mapema kuliko kawaida. Hapa kamati ya wazazi ina kazi. Kijana mmoja wa mtaa anayejua mpira, akipewa chai na nauli, anaweza kusimamia kipindi hicho bila mwalimu kuongezewa mzigo.

Kwa mashindano ya kati ya shule yasiyoweza kumalizika asubuhi moja, yagawanywe. Japani ilifanya hivyo mwaka 2024 kwa mashindano yake mashuhuri ya besiboli ya shule za sekondari kule Koshien: siku za mwanzo zikawa na mechi za asubuhi na za jioni, na mchana ukaachwa mtupu.

Turubai na jerikeni

Hata ratiba ikinyooka, ipo siku mtoto ataanguka. Kinachofuata ndani ya nusu saa ndicho kinachoamua kama atarudi nyumbani. Mtoto aliyezidiwa na joto huanza kupepesuka, kujibu ovyo, kutapika, kisha kuzimia. Anaweza kuwa bado anatoka jasho. Kosa la kawaida ni kumpakia kwenye boda boda na kukimbia naye hospitali juani, akiendelea kuiva njiani. Wataalamu wa tiba ya michezo wana kanuni moja isiyo na ubishi: poza kwanza, safirisha baadaye.

Kupoza kunahitaji nini? Hospitali za matajiri zina mabafu ya barafu. Mangateen ina turubai na jerikeni, na hivyo vinatosha kuanza. Watu wanne wanashika pembe za turubai, mtoto analazwa katikati, maji ya baridi kadiri yanavyopatikana yanamwagwa na kutikiswa juu ya mwili wake huku mwingine akimpepea. Ni njia iliyofanyiwa majaribio na kukubalika pale ambapo hakuna bafu. Katika mtaa ambamo maelfu wamelala chini ya turubai kwa miaka, ingekuwa aibu mtoto afe kwa kukosa moja pembeni mwa kiwanja.

Aliyepigwa na radi naye aguswe bila woga. Mwili wake haubaki na umeme. Akiwa hapumui, apuliziwe pumzi na kusukumwa kifuani mara moja, kwa sababu wengi wa wanaopigwa na radi hupona wakihudumiwa mapema.

Maji ndiyo sehemu ngumu. Juba hununua maji kwa magari ya kubeba maji na kwa jerikeni, na kaya inayohesabu jerikeni za kupikia haiwezi kuchangia za michezo. Tangu mlipuko wa kipindupindu ulipotangazwa nchini Oktoba 2024, maji yasiyotibiwa na kikombe kimoja cha watoto 40 ni hatari ya peke yake. Shule isiyo na maji safi ya kunywa siku hiyo isichezeshe siku hiyo. Wafadhili wanaogawa jezi na mipira kila mwaka wangefanya kheri kubwa zaidi kwa kuongeza pipa lenye bomba, dawa ya klorini na vikombe.

Nani anatia saini?

Linabaki swali la mamlaka. Ngurumo inaposikika dakika ya 70, mabao ni moja kwa moja, mgeni rasmi ameketi jukwaani na wazazi wanashangilia, nani atathubutu kupiga filimbi? Refa anamtazama mwalimu wa michezo, mwalimu anamtazama mkuu wa shule, mkuu anamtazama mgeni rasmi. Hakuna anayetaka kuwa mharibifu wa sherehe. Mchelea mwana kulia hulia yeye, na hapa watakaolia si wale waliokuwa jukwaani.

Kwa hiyo jina liandikwe kabla ya mechi. Mtu mmoja, asiyeshabikia timu yoyote, apewe filimbi, saa na kipimajoto, na neno lake liwe la mwisho kwa pande zote. Timu isipotii, ipoteze pointi. Jina hilo libandikwe ukutani mwa ofisi ya shule pamoja na saa za michezo za kila msimu, ili mzazi anayepita aweze kuuliza: leo nani anatazama mbingu?

Wizara haihitaji fedha mpya kwa hili. Machi 2024 ilionyesha kuwa inao uwezo wa kufuta usajili wa shule inayokaidi amri ya joto. Uwezo huo huo unaweza kutumika Januari, kabla jua halijawaka: shule isiyo na ratiba ya michezo ya asubuhi, maji ya kunywa, turubai na jina la msimamizi lililotiwa saini isiandikishwe katika mashindano ya mwaka huo. Kamati za wazazi za Mangateen nazo hazina sababu ya kuisubiri wizara. Mkutano wa kwanza wa mwaka hufanyika kabla timu hazijachaguliwa, na ajenda hii inaweza kumalizwa hapo hapo, pamoja na suala la nani atalinunua pipa.